Vipande vya Somo

Sogeeni huku, mkeka unatosha. Wewe wa mlangoni ingia au toka, usisimame katikati kama pazia. Hizo simu zilazeni kifudifudi, na mwenye kikohozi akohoe sasa amalize. Habari hii nitaisema kwa sauti ya chini, kwa sababu bado nina hasira nayo, na mwenye hasira akipandisha sauti husahau nusu ya maneno. Basi, nyamazeni.

Ilianza kwa mkasi.

Nyumba hiyo ilikuwa na mkasi mmoja tu wa kukatia vitambaa, mzito, wa chuma kitupu, na siku hiyo baada ya chakula cha mchana ulikuwa mkononi mwa Fundi. Fundi alikuwa mama wa kushonea nyumbani, cherehani ameiweka sebuleni chini ya dirisha apate mwanga. Alikuwa anakata barakoa, kitambaa kakikunja mara nane ili amalize haraka. Akapumzika kidogo ajifute jasho. Mkasi ukaendelea kulia.

Akautazama ule wa mkononi. Umefumba.

Sauti ilitoka chumbani kwa binti yake. Kwach. Kwach. Kwach. Taratibu, kama mtu anayefuata mstari wa chaki na hataki kuukosea.

"Somo," akaita. "Unakata nini huko?"

"Sikati kitu, mama. Niko na simu."

"Na hicho kinachonuka?"

Maana kulikuwa na harufu pia, ya kitambaa kilichoachiwa pasi mpaka kikaungua. Pasi ilikuwa kabatini, ya baridi.

"Kwangu hakunuki kitu," binti akajibu.

Fundi akarudi kwenye barakoa zake. Hapo ndipo kosa la kwanza. Hakusimama, hakuvuka zile hatua sita akachungulia.

Huyo binti alikuwa na miaka kumi na sita. Jina lake lilikuwa la bibi yake, mama mzazi wa Fundi, na kwa kuwa mtu hawezi kumfokea mtoto kwa jina la mama yake mwenyewe, nyumba nzima ilimwita Somo, kama alivyomwita bibi. Walikuwa na jina moja na walikuwa na pua moja. Pua pana, imekaa usoni kama mgeni aliyevua viatu. Mtoto alipozaliwa, bibi alimpokea, akamtazama, akasema, "Hii pua naijua. Nilikuwa nayo leo asubuhi."

Bibi ndiye aliyemfundisha Fundi kazi, na alikuwa na utaratibu wake. Nguo ikiisha, mteja alikabidhiwa nguo na kifurushi cha vipande vilivyobaki, hata vile vidogo kama ukucha. Wengine walicheka. Mmoja alimuuliza avifanyie nini, amshonee panya? Bibi hakucheka.

"Nimepima mwili wako, nimekata kwa mwili wako. Kilichobaki ni chako. Ukikiacha hapa hakina mwenyewe, kuna wanaookota."

"Akina nani hao?"

"Wanaookota," anajibu, na anakanyaga cherehani.

Ndipo ukaja ule mwaka wa ugonjwa. Shule zikafungwa, makanisa na misikiti ikafungwa, watu wakapeana salamu kwa viwiko kama kuku. Bibi akaanza homa siku ya Jumatatu. Ijumaa walimwona kwa mbali, ng'ambo ya uzio, akishushwa kaburini na watu wanne waliovaa plastiki nyeupe mpaka machoni, kama wapuliza dawa ya kunguni. Hakuoshwa. Rafiki yake mkubwa alikuwa Mwosha, mwanamke aliyewaosha marehemu wa kike wa mtaa ule kwa miaka thelathini. Alifika pale na beseni lake na maji yake, akaambiwa arudi nyumbani. Alirudi nalo limejaa. Hakuwasamehe, na mimi simshangai.

Fundi hakulia. Alishona. Maduka yalitaka barakoa kwa mamia, akakata, akashona, akakata. Vipande vikawa milima. Na kipande cha barakoa utamrudishia nani, wakati hukumpima mtu? Akavishindilia kwenye magunia, akayapanga chumbani kwa Somo, juu ya kitanda cha bibi ambacho kilikuwa wazi.

Simu ilitoka kwa baba. Baba alikuwa dereva wa lori, amezuiliwa mpakani wiki ya nane. Aliituma ili mtoto asome, kwa sababu walimu walisema masomo yatakuja huko. Masomo yalikuja siku mbili. Kilichobaki kikawa picha.

Somo aliweka picha yake akiwa mlangoni, amevaa gauni aliloshonewa na bibi. Alikuwa anacheka, na mwanya wake unaonekana. Nitawaambia walichoandika, kwa sababu walioandika wanastahili kusomewa. Mmoja aliandika: "Pua imefika, mwenyewe yuko njiani." Mwingine: "Hapo unaweza kuegesha basi." Mwingine, mtu mzima kabisa, mwenye picha ya wanawe: "Dada, hizi barakoa zililetwa kwa ajili yako." Na rafiki yake wa darasani, aliyekula wali nyumbani kwao zaidi ya mara ninazoweza kuhesabu, aliweka kikatuni cha kucheka mpaka machozi. Akaweka vitatu.

Mtoto yuko peke yake chumbani. Bibi yake ana wiki tatu ardhini. Hana pa kwenda, hana wa kumtazama usoni akamwambia uko sawa, kwa sababu hata mama yake anapita na barakoa na rundo la vitambaa, na macho yako kwenye saa. Hao wote walimwona kupitia dirisha dogo kama kiganja, na kupitia hapo hapo wakamtemea.

Akapata programu ya kutengeneza picha. Unachora mstari kwa kidole kuzunguka usichokipenda, unabonyeza, kinaondoka. Akachora kwenye pua, huku na huku.

"Siitaki," akasema, kwa sauti, peke yake. Akabonyeza.

Kwach.

Akadhani ni mama.

Picha hiyo ilipata mioyo elfu moja kabla ya jioni. Akairudia, mwanya akauziba. "Siutaki." Akafuta kidoti chini ya jicho. "Sikitaki." Akapunguza mashavu, midomo, akasogeza taya, akakondesha mikono, akabana kiuno na mabega. Kila mara alisema, kwa sababu ana hasira, na mwenye hasira husema. Na kila mara mkasi ulilia nyuma ya magunia, na kile kilichokatwa kikapata mwenyewe mwingine.

Baada ya muda akaanza kuvaa barakoa hata ndani. Fundi akamsifu kwa jirani ukutani, "Wangu ana adabu, havui hata anapolala." Jirani, muuza mkaa, akasema, "Wangu ukimvalisha anaila." Wakacheka. Barakoa ile ilikuwa inaficha kitu kingine kabisa, lakini nani angeuliza? Mwaka ule nusu ya uso ilikuwa siri ya kila mtu.

Halafu nyumba ikaanza kuwa nzuri.

Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote. Fundi akawa anasikia kicheko chumbani, kicheko cha zamani, kile cha kupenya kwenye mwanya. Anakuta bobini zimejazwa uzi. Anakuta vyombo vimeoshwa. Mchana mmoja jua limewaka kabisa, mtu akapita nyuma yake na kuweka kikombe cha chai mezani, akasema, "Shikamoo mama, umechoka leo." Fundi akageuka akaona pua ya mama yake, na mwanya, na kidoti, bila barakoa, vinamtabasamia, na moyo wake ukalegea kwa mara ya kwanza tangu ile Ijumaa, akajibu marahaba mwanangu, akanywa chai yote, ingawa ilikuwa na ladha ya kitambaa kilichoungua, na hakujiuliza kwa nini mtoto aliyeleta chai ameingia chumbani wakati huohuo mtoto mwenye barakoa anatoka chooni.

Siku ya siku ikafika, saa sita mchana. Somo alitoka chumbani kinyumenyume.

"Mama," akanong'ona. "Kuna mtu kwenye magunia."

"Mtu gani?"

"Ananicheka kwa meno yangu."

Kabla Fundi hajajibu, mlango wa chumba ukafunguka tena, na yule wa pili akatoka, vipande vya nyuzi vimemnasa kwenye nywele, akasimama upande wa pili wa cherehani, akasema kwa upole, "Mama, huyu amekuwa anakaa chumbani kwangu. Naogopa. Mwambie avue barakoa umwone."

Fundi akamtazama mmoja, akamtazama mwingine.

"Vua," akamwambia mwenye barakoa.

"Mama, usinilazimishe."

"Nimesema vua."

Akavua. Nitawaelezaje? Ulikuwa uso, lakini ulipigwa pasi. Pua ilikuwa mistari miwili kama ya sindano, midomo imechorwa, mashavu hayana kivuli hata jua linapoyapiga, ngozi haina tundu wala unywele, na juu yake macho mawili ya mtoto yanayolia bila machozi kujua pa kupita.

Sasa, huyu Fundi alikuwa na jambo lake. Hakuwahi kuamini nyuso. Alizoea kusema uso unadanganya, bega halidanganyi. Barakoa zilipokuja na mtaa mzima ukapotezana, yeye peke yake alisalimia watu bila kukosea, anawajua kwa mabega na nyonga. Kwa hiyo akafanya ambalo ni fundi tu angelifanya. Akachukua futi yake shingoni, akafungua daftari la vipimo ambamo bibi aliandika ukubwa wa Somo kila shule ilipofunguliwa, na akawapima.

Yule wa pili: bega kumi na tano. Kiuno ishirini na nane. Mkono ishirini na mbili. Kama daftari linavyosema, hata nusu inchi haikupotea.

Mwanawe: bega kumi na tatu. Kiuno futi ilizunguka, ikazunguka, ikabaki ndefu mkononi.

"Mama, ni mimi."

"Mwanangu ana kiuno cha ishirini na nane," Fundi akasema. Akaikunja futi. Akamshika yule mtoto begani, lile bega alilolizaa, akamtoa nje, akafunga mlango kwa komeo. Kisha akageuka, akamkumbatia yule mwingine, na yule mwingine akamwekea kidevu begani, na harufu ya kuungua ikajaa nyumba.

Mungu alimleta Mwosha. Alikuwa anapita na beseni tupu kichwani, maana alilibeba kila aendapo tangu ile siku, watu wakasema amechanganyikiwa. Akamkuta msichana kwenye ngazi, amejifunika uso kwa viganja.

"Somo wa rafiki yangu, mbona umekaa juani?"

"Nimefukuzwa. Yuko mwingine ndani."

"Toa mikono."

Akatoa. Mwosha hakurudi nyuma hata hatua. Alishaona nyuso za kila aina. Akamgusa pale pua ilipokuwa, polepole, kwa kidole gumba.

"Nani kakufanyia hivi?"

"Mimi mwenyewe, bibi. Wao walisema, mimi nikakata."

Mwosha akavuta pumzi mpaka kifua kikapanda. "Walininyima kumwosha yule. Huyu hawatanipokonya. Inuka."

Hakubisha hodi. Aliugonga mlango kwa beseni mpaka komeo likachomoka. Ndani walikuwa wawili mezani, mmoja anasuka nywele za mwenzake. Kile kitu ndicho kilichokuwa kinamsuka Fundi.

"Shikamoo bibi," kikasema.

Mwosha hakuitikia. Akajaza maji kwenye beseni, akaliweka sakafuni katikati ya sebule.

"Mimi nikiosha mtu nakwenda kiungo kwa kiungo," akasema. "Na kila kiungo nasema kimetoka kwa nani, ili kisiende peke yake. Haya, wewe. Hiyo pua umeitoa kwa nani?"

"Yangu."

"Sijauliza ya nani. Umeitoa kwa nani?"

"Yangu."

"Mwanya?"

"Wangu."

"Kidoti?"

"Changu." Na kila kilipojibu kilitabasamu vilevile, kwa upana uleule, kama mtu anayeonyesha nguo dukani.

Mwosha akamgeukia msichana. "Na wewe?"

Mtoto alisema kwa ile midomo ya kuchorwa, maneno yanatoka membamba. "Pua ni ya somo yangu. Alikuwa nayo asubuhi niliyozaliwa. Mwanya ni wa baba, anapitishia mluzi akifika kona ili tujue amerudi. Kidoti mama anacho palepale, anakipaka poda, anadhani hatukioni."

Fundi akapandisha mkono chini ya jicho lake. Kisha akautazama mkono uliokuwa unamsuka, akasimama ghafla mpaka kiti kikaanguka.

Kile kitu hakikufanya fujo. Hilo ndilo baya lake. Kilikaa palepale kikasema, kwa sauti iliyoanza kukauka kama nguo ngumu inayochanwa, "Sikuiba. Alisema havitaki. Nilikuwa chumbani, nilimsikia. Mara kumi na moja alisema, na hakuna aliyembishia." Kikamtazama Fundi. "Wewe ulikuwa hatua sita, mama. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nafanya kazi."

"Ndiyo," kikasema.

Fundi akainamisha kichwa.

"Amesema kweli," Mwosha akasema. "Kweli yake haituzuii. Mtoto, piga magoti hapa. Dai."

Somo akapiga magoti mbele ya beseni. Akashika kingo za beseni. Halafu vikamjia vile vikatuni vya kucheka, yule mwenye basi, yule mwenye wanawe, yule wa wali, na kikamjia kiganja chake mwenyewe kinachochora mstari, na hasira ikampanda kutoka tumboni, siyo ile ya kujikata, nyingine.

"Nipe pua yangu," akasema. "Nilisema siitaki. Sasa naitaka."

Mwosha akammwagia maji usoni. Upande ule wa meza ikasikika sauti ya mshono kufumuliwa, uzi mmoja baada ya mwingine, na msichana akapiga kelele, kwa sababu iliuma, na pua ikarudi. Akadai mwanya. Akadai kidoti, akadai mashavu, midomo, taya, akadai mkono wa kulia na wa kushoto, kiuno, mabega, na kila alipodai kile kitu kilipungua, kikalegea, kikabaki shati bila mtu, kisha rundo la vipande vya barakoa sakafuni, na ndani ya rundo kitu kidogo kikatambaa, chas, chas, kuelekea mlango uliovunjika, na jua la saa nane likakimeza.

Fundi alimshika mwanawe uso kwa mikono miwili. Hakumpima. Alimtazama tu, muda mrefu, mpaka mtoto akasema, "Mama, unanifinya."

"Acha nikufinye."

Kesho yake Fundi alibeba yale magunia akapita nyumba hadi nyumba, kila mlango akaacha konzi ya vipande. "Hivi vyenu." Watu wakamwonea huruma, wakasema msiba umempanda kichwani. Muuza mkaa alichukua viwili, kwa usalama.

Wiki ikapita. Walikuwa wanafua uani, Somo amekunja mikono ya blauzi. Fundi akaacha kufua.

"Somo. Kovu lako la pasi liko wapi?"

Alikuwa nalo tangu ana miaka saba, kwenye mkono wa kushoto karibu na kiwiko, lina ncha kama pasi yenyewe. Siku ile aliungua, bibi ndiye aliyelia zaidi. Sasa ngozi ilikuwa laini.

Somo akahesabu kwa vidole vyenye povu. Pua, mwanya, kidoti. Mashavu, midomo, taya. Mkono, mkono. Kiuno, mabega.

"Kumi," akasema. "Kile kitu kilisema kumi na moja."

Hawakulipata tena. Walijaribu, Mwosha alileta beseni, lakini hakukuwa na mtu upande wa pili wa kujibu.

Na sasa niwaambie nani alirithi nini. Beseni la Mwosha alirithi Somo, na cherehani pia, na ule utaratibu wa kurudisha vipande, ambao hauvunji hata kwa leso. Daftari la vipimo walilizika kwenye kaburi la bibi, ukurasa wa Somo ukiwa juu. Simu ilichukuliwa na baba aliporudi, anawapigia mluzi humo akiwa mbali. Kidoti cha Fundi hakipakwi poda tena. Pua amerithi binti wa Somo, aliyezaliwa miaka mingi baadaye, na Mwosha akiwa mzee sana alimpokea akacheka peke yake.

Na kovu? Juzi tu, wakati hakuna tena anayevaa barakoa, mteja mmoja aliingia kwa Somo akiwa ameivaa. Msichana, mwenye adabu. Alitaka gauni. Somo akamwomba anyooshe mkono wa kushoto ampime. Akakunja mkono wa blauzi, na hapo karibu na kiwiko palikuwa na kovu lenye ncha ya pasi.

Somo alipima kila kitu, akaandika. Msichana alipofika mlangoni akageuka.

"Fundi," akamwambia Somo, "vipande vya wateja wako wasiorudi kuvichukua, unavifanyia nini?"